Lori Ambalo Halikupita: Maisha ya Josiah Ndung'u wa Gathuku, 1939–1977

Josiah Ndung'u wa Gathuku, tunayemlaza leo katika shamba la baba yake hapa Elburgon, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1939 katika kambi ya wakata miti, ndani ya msitu wa Mau, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gathuku na Mama Wangeci. Mkunga aliyempokea alimweka kifuani pake ili apate joto, kisha akashtuka. "Mama, mtoto wako anakoroma kama paka, na macho ameyafungua!" alisema. Wanawake waliokuwepo walicheka. Mtoto alinyonya vizuri na kulia vizuri, na katika kambi ile hakuna aliyeona sababu ya kumhofia mtoto anayekoroma akiwa macho.

Karibu miaka miwili baadaye alizaliwa ndugu yake, Waithaka, ambaye wengi hapa mnamjua kama Mwalimu. Walilala kitanda kimoja cha mabanzi, Waithaka akiwa ameuweka uso mgongoni mwa kaka yake, na ule mvumo wa kifuani ndio uliomlaza utoto wake wote. Ndung'u alipopelekwa kwa shangazi yao kwa juma moja, Waithaka alikataa kulala hata mchana. Mama yao alimwambia baba yao, "Huyu amezoea mashine. Ikizimwa anaamka."

Mwaka 1947 Ndung'u aliingia shule ya karibu na kambi. Alizipenda hesabu, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwalimu. Lakini kila asubuhi wanafunzi walikimbizwa kuuzunguka uwanja mara nne, na kila asubuhi Ndung'u alifika wa mwisho, ameshika magoti, hewa haimtoshi. Alichapwa kwa hilo. Ripoti yake ya mwaka 1951 inasema: "Ana akili, lakini ni mvivu." Karatasi hiyo ingali ipo, na familia imeamua isitupwe.

Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, familia ilipakiwa garini pamoja na nyingine nyingi na kurudishwa Nyeri, kwao asili, katika kijiji kilichozungushiwa handaki na walinzi. Masomo ya Ndung'u yaliishia hapo. Kila mwenye nguvu alichimba handaki kwa zamu, na majina ya zamu mbili yalisomwa, asubuhi na alasiri. Ndung'u alichimba siku tatu, siku ya nne akaanguka. Kuanzia hapo Waithaka, mtoto wa miaka kumi na miwili, aliitikia "Niko!" asubuhi kwa jina lake mwenyewe, na alasiri aliivaa kofia ya kaka yake, akaitikia tena kwa jina la Ndung'u, akachimba zamu yake. Walinzi hawakuzitazama nyuso. Walihesabu vichwa. Alifanya hivyo kwa miezi saba. Nyumbani jambo hilo lilisifiwa, na lilistahili sifa. Ila ndipo ndugu hao wawili walipozoea kwamba jina la mmoja linaweza kuitikiwa na mwingine, na dunia isione.

Walirudi Elburgon mwaka 1960. Februari 1961 Ndung'u aliajiriwa katika kiwanda cha mbao cha Bwana Harbans Singh, kando ya reli. Alipewa kazi ya kubeba magogo, na juma la pili alikuwa karibu kufukuzwa. Aliyemwokoa, bila kukusudia, ni Masinde, mwendeshaji wa msumeno mkubwa, ambaye amesafiri kutoka Bungoma kuwa nasi leo. Masinde alikuwa amemshika Ndung'u mabegani kumsaidia kuketi alipoishiwa pumzi, akausikia mvumo.

"Sardar! Njoo hapa," akaita. "Huyu umeandika mtu na injini yake. Wewe nunua mafuta tu!"

Harbans alikuja, akaweka kiganja kifuani mwa kijana, akakaa nacho pale muda mrefu kuliko mzaha ulivyohitaji. "Kweli," alisema. "Hii iko na mota ndani. Basi kaa pale kwa kunoa. Mota isichoke."

Ndivyo Ndung'u alivyoketi kwenye benchi la kunoa misumeno, akakaa hapo miaka kumi na moja. Wanaojua kazi hiyo wanajua kwamba msumeno haunolewi tu. Hunyooshwa kwa nyundo, jino kwa jino, na ufa usioonekana kwa macho husakwa kwa sikio. Ndung'u aliugonga msumeno kwa kucha, akasikiliza, akaweka alama ya chaki mahali penye ufa. Viwanda vingine vya Elburgon na Molo vilimletea misumeno yao. Mshahara wake ndio uliompeleka Waithaka chuo cha ualimu.

Jumamosi tarehe 5 Desemba 1964 alimwoa Nyakio, binti wa mkulima wa viazi wa Molo. Baada ya kanisa walikwenda Nakuru kupigwa picha kwa Bwana Pradeep. Mpiga picha alimwambia bibi harusi aegemeze kichwa kifuani mwa mumewe. Picha yenyewe ndiyo iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki, na wengi mmeuliza kwa nini Nyakio anatazama dirishani badala ya kutazama kamera. Yeye mwenyewe husimulia hivi: "Nilisikia lori. Nikasema moyoni, acha lipite ndipo huyu Mhindi apige picha yake. Nikangoja. Halikupita." Ndung'u alipoulizwa na mkewe baadaye, alimjibu, "Ni mimi. Nimekuja na usafiri wangu." Walijaliwa watoto wawili, Wangeci mwaka 1966 na Gathuku mwaka 1970.

Mwaka 1972 Harbans aliuza kiwanda akahama na wanawe. Mwenye kiwanda mpya alileta mashine za kunoa. Ndung'u aliomba kazi katika karakana moja mjini Nakuru, akapita mtihani wa mikono, kisha daktari akaweka kipimo kifuani mwake na kuandika neno moja: "Hafai." Hakumweleza kwa nini. Ndung'u naye, aliyekuwa ameufikisha mvumo ule hadi umri wa miaka thelathini na mitatu, hakuuliza.

Mwaka uliofuata walitafutwa mafundi wa kuhudumia mitambo ya kuchimba mvuke kule Olkaria. Ndung'u alipewa kipande cha chuma akinoe mbele ya msimamizi, Bwana Kipkorir. Kipkorir alikigusa kwa kidole gumba, akamwambia, "Kazi ni yako, fundi. Bado daktari tu." Ndung'u alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Alimkuta Waithaka uani akisahihisha madaftari, akamweleza. Hawakubishana. Waithaka aliuliza tu, "Ni siku gani?"

Ilikuwa Jumanne tarehe 12 Juni 1973, Nakuru. Waithaka alivaa koti la kaka yake, akabeba kitambulisho cha kaka yake, ambacho siku zile hakikuwa na picha, na jina la Ndung'u wa Gathuku lilipoitwa akasimama, akasema, "Niko." Alipigwa picha ya kifua, ile ya eksirei. Alisikilizwa mbele na nyuma. Daktari alimpiga bega akamwambia ana moyo wa fahali. Jioni hiyo walikula nyama, wakacheka mpaka Nyakio akauliza kuna nini.

"Asante kwa kuniazima moyo," Ndung'u alimwambia ndugu yake.

"Urudishe ukimaliza," Waithaka akajibu.

Familia inaandika haya kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo.

Ndung'u alifanya kazi Olkaria kwa miaka mitatu. Alikaa kambini siku za kazi, na Jumamosi alirudi kwa familia yake, iliyokuwa imehamia nyumba ya kupanga mtaa wa Section 58, Nakuru. Alikuwa fundi aliyetegemewa. Lakini mwaka 1975 alianza kulala ameketi, na miguu ikaanza kuvimba. Mei 1976 alianguka kwenye ngazi ya mnara wa kuchimbia. Hakukubali kupelekwa kwa daktari wa kazini, kwa sababu mnayoifahamu sasa. Nyakio alimpeleka kwa Daktari Lalit, mjini Nakuru, na Waithaka akafuatana nao.

Daktari Lalit alisikiliza kwa muda mrefu, akatoa kipimo masikioni, akakirudisha. "Bwana Ndung'u," alisema, "hii kitu si ya jana. Umezaliwa nayo." Akawaeleza kwamba mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu yake, kwa hiyo upo mshipa mfupi karibu na moyo unaoipitisha damu kando. Akishazaliwa, mshipa huo hujifunga wenyewe baada ya siku chache. Wa Ndung'u haukujifunga. Kila pigo la moyo, sehemu ya damu iliyokuwa njiani kwenda mwilini ilirudi mapafuni, na moyo ukalazimika kuisukuma upya.

"Kama msumeno unaokata ubao ule ule mara mbili," Ndung'u alisema.

"Hasa. Miaka thelathini na saba."

Waithaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukutani. Ndipo alipojua kwamba kile kilichomlaza utotoni kilikuwa ugonjwa.

Madaktari wa upasuaji wa Nairobi walimpima wakasema amechelewa. Mtoto hufunguliwa kifua, mshipa ukafungwa kwa uzi, naye akaenda nyumbani. Kwa Ndung'u kuta za mshipa zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama chokaa, na zikibanwa zingeweza kupasuka mikononi mwao. Daktari Lalit hakukata tamaa. Alikuwa amesoma kwamba Ulaya wako madaktari wanaouziba mshipa huo bila kugusa kifua, akawachorea kwenye karatasi ya dawa. Waya mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa paja, hupanda mpaka kwenye ule mshipa ulio wazi, huupenya, hupita ndani ya moyo, na hutokea kwenye paja la pili. Kisha kizibo cha sponji husukumwa juu ya waya huohuo hadi mahali pake. Mgonjwa yuko macho. Watoto wadogo hawafanyiwi, kwa kuwa mapaja yao yana mishipa myembamba isiyopitisha kizibo. Watu wazima ndio wanaofaa.

"Na kizibo kikiteleza?" Ndung'u aliuliza, kama fundi.

"Kinachongwa kwa kipimo cha mshipa wako. Chembamba mbele, kinene nyuma. Damu yenyewe inakisukuma kikaze."

Ndung'u akacheka, cheko la kwanza baada ya miezi mingi. "Basi ni kabari! Nyakio, wananipigia kabari!" Jumamosi hiyo alichonga kabari ndogo ya mtarakwa, ndefu kama kiungo cha kidole, akaanza kutembea nayo mfukoni. Aliyemuuliza hali alionyeshwa.

Daktari Lalit aliandika barua, na tarehe 27 Agosti 1976 jibu lilifika kwamba Ndung'u amepewa nafasi, moja kati ya sita, ikiwa karatasi zake zote za zamani zitatumwa. Waajiri wake walijitolea kumlipia tikiti. Na kwa sababu walikuwa watu wa utaratibu, walituma faili yake moja kwa moja Ulaya, nzima, pamoja na picha ya kifua ya tarehe 12 Juni 1973.

Jumatatu tarehe 4 Oktoba Daktari Lalit aliwaita ndugu hao wawili. Mezani palikuwa na barua mpya. Waliokuwa Ulaya walisema faili ina mioyo miwili. Wa mwaka 1973 ni mdogo, hauna mlio, hauna kasoro. Wa mwaka 1976 umepanuka. Mtu hawezi kuzaliwa na ugonjwa ambao miaka mitatu iliyopita hakuwa nao. Ama ugonjwa ni mwingine, na kizibo hakitamsaidia, au karatasi si zake. Waliomba maelezo kabla ya tarehe 30 Novemba. Yasipofika, nafasi ingepewa mgonjwa anayefuata.

"Nielezeni," Daktari Lalit alisema. "Mimi nimesikiliza moyo huu. Hii picha ni ya nani?"

Waithaka aliangalia viatu vyake. Ndung'u ndiye aliyejibu. "Labda walichanganya siku ile, Daktari. Watu walikuwa wengi."

Nje, chini ya varanda ya duka la vitambaa, walizungumza kwa sauti ya chini.

"Nikisema, nitafukuzwa kazi, na tikiti ni yao," Ndung'u alisema. "Na wewe ulitia sahihi jina langu. Mwalimu wa serikali. Watakufunga."

"Lakini, kaka, tarehe ni..."

"Daktari atawaandikia tena. Atawaeleza anachosikia. Wewe nyamaza."

Waithaka alinyamaza. Ndung'u alimwambia anyamaze, hilo ni kweli. Lakini alikubali upesi, upesi mno, na alipokuwa akienda kupanda gari la kurudi Elburgon alihisi wepesi kifuani, kama mtu aliyeponea jambo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka neno hilo liandikwe. Wepesi.

Daktari Lalit aliandika tena, akaeleza anachosikia. Ulaya walijibu kwamba picha haisemi hivyo. Tarehe 30 Novemba ilipita, na nafasi ilikwenda kwa mwingine, ambaye familia haimjui na inamtakia uzima.

Siku za Krismasi Ndung'u hakuweza kutembea hadi mlangoni. Ndipo alipomweleza mkewe yote, kwa sentensi fupi, maana pumzi haikumruhusu ndefu. Nyakio hakumlaumu mgonjwa. Alingoja shule zifunguliwe, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 13 Januari 1977 alipanda kwenda Elburgon, akaingia darasani katikati ya somo la hesabu.

"Shemeji," alisema mbele ya watoto arobaini, "ulimpa kaka yako moyo wako kwa asubuhi moja. Sasa mpe mdomo wako."

Mwalimu aliweka chaki chini. Alasiri hiyo alivua shati mbele ya Daktari Lalit, akapigwa picha ya kifua. Daktari aliibandika mbele ya taa, kando ya ile ya mwaka 1973. Katika picha zote mbili, ubavu wa tano wa kushoto ulikuwa na fundo, mahali Waithaka alipovunjika alipoanguka mtini akiwa na miaka tisa.

"Mngeniambia Oktoba," Daktari alisema. Akaketi kuandika, na barua ikatoka siku hiyohiyo.

Waithaka aliandika barua nyingine mbili, moja kwa waajiri wa kaka yake na moja kwa waajiri wake mwenyewe. Hiyo ya mwisho bado haijajibiwa. Ya Olkaria ilijibiwa na Bwana Kipkorir kwa miguu yake. Alikuja hadi Section 58, akaketi kando ya kitanda. "Fundi, kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Kunoa hakutaki mbio. Ningekuweka karakana, ukanolea ukiwa umekaa, kama ulivyofanya kwa yule Kalasinga wa mbao. Mimi nilitaka mikono tu." Ndung'u aligeuza uso ukutani. Waithaka, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje.

Ndung'u alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 19 Februari 1977, saa nne asubuhi, mapafu yake yakiwa yamejaa maji. Nyakio alikuwa amemwegemezea mto, na Waithaka alikuwa ameshika mgongo wake, ameuweka uso pale alipouweka alipokuwa mtoto. Ndiye aliyejua kwanza. Hakuambiwa na mtu. Alisikia.

Jumatano, tarehe 23, barua ilifika. Walio Ulaya waliyapokea maelezo, walishukuru kwa ukweli, na walimpa Ndung'u nafasi ya mwezi Mei. Waliomba apimwe upana wa mshipa, ili kizibo kianze kuchongwa.

Ameacha mjane wake Nyakio, binti yake Wangeci, mwana wake Gathuku, mama yake Mama Wangeci, na ndugu yake Waithaka. Baba yake alimtangulia mwaka 1968. Misumeno aliyoinoa ingali inakata mbao Elburgon na Molo. Kabari ya mtarakwa anayo binti yake Wangeci, ambaye huitumia kuzuia mlango wa chumba chao usibamizwe na upepo.

Familia ilipokutana kuamua nani asome wasifu huu, walitajwa wazee wawili na mchungaji. Nyakio aliwakataa wote. "Waithaka asome," alisema. "Alisimama mahali pa kaka yake wakiita Ndung'u. Asimame tena, kwa jina lake mwenyewe, watu wamwone uso." Na ndiye anayesoma.

Lori limepita, Ndung'u wa Gathuku. Pumzika sasa.